Ongeza Buluu

Kikwajuni, Unguja
Ijumaa, 3 Mei 2024

Mwanangu Muhiddin,

Assalaam alaykum. Namuomba Mungu karatasi hii ikukute mzima. Mimi mamako mzima, na wa nyumbani wote wazima, nakutajia mmoja mmoja usije ukasema nimemruka mtu. Dadako Ulfat anakusalimu. Mimba yake imekaa vizuri, ila anakasirika kwa kila kitu, hata kwa feni kuzunguka. Shemeji yako Ubwa anakusalimu, bado yuko hotelini Kendwa, anarudi Alhamisi analala mpaka Jumamosi. Bashira wao anakusalimu, kang'oka meno mawili ya mbele na kila akiambiwa aoshe vyombo anashika mdomo ati unamuuma. Bi Khamisa jirani anakusalimu sana, anauliza huko jangwani mnakula nini. Mama mkubwa wako Radhiya nilimwona Idi alipokuja kutoka Chwaka, anakusalimu. Jicho lake moja lililobaki linamtosha, bado anasuka ukili wa mikeka. Paka wako hakusalimu, kafa. Sikutaka kukwambia kwa simu.

Barua hii anakuletea Msabah, mwana wa Bi Khamisa, anarudi Maskati Jumapili.

Usiniulize kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu Ulfat kakaa pembeni anasikiliza, Bashira anavuta waya wa chaja, wewe unauliza, "Mama, macho vipi?" nami nasema mazima, basi, salio limekwisha. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Darasa langu la nne nalo lipate kazi.

Sasa hayo macho. Najua Ulfat keshakwambia. Ni ukungu tu. Walikuja watu wa kupima macho hapa mtaani, daktari akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, yanataka kufanyiwa operesheni. Kaniandikia kikaratasi cha hospitali. Sendi. Unajua Radhiya alikwenda vipi na alirudi vipi. Alikwenda na ukungu kama wangu, sasa upande ule haoni hata jua. Ulfat anasema nikingoja nitapofuka. Basi nitapofukia kwangu, vitu vyangu najua vilipo.

Lakini mimi sina wasiwasi na macho, nina wasiwasi na wewe. Msabah anasema ukitoka kazini unachukua gari unakwenda jangwani peke yako, unakesha na mtambo wa kupiga picha nyota. Peke yako, Muhiddin! Gari ikizima je? Nyoka je? Nitumie basi hiyo picha nione kinachokunyima usingizi. Nitumie ya karatasi, maana kwenye simu naona mng'aro tu.

Mamako,
Mwanakhamis


Kambini, Oman
29 Mei 2024

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Wasalimie wote uliowataja, na pole kwa paka. Mwambie Bi Khamisa tunakula wali na kuku, siku sita kwa wiki. Siku ya saba, kuku na wali.

Jangwani siendi peke yangu tena. Nakwenda na fundi mwenzangu wa pampu, yeye analala garini. Nyoka sijamwona.

Picha ni hiyo. Hilo ni wingu, lakini si la mvua, liko mbali mno kwa mvua. Upande mmoja linawaka lenyewe, ndio jekundu. Upande wa pili haliwaki, linaangaziwa na nyota iliyo karibu yake, ndio buluu, kama moshi wa jikoni jua linapoupiga.

Kamera yangu haijui rangi. Ina gurudumu la vioo vinne. Kioo cha kwanza kinapitisha mwanga wote. Kwa hicho nimepiga jumla ya saa nane kwa usiku nne, na picha inatoka nyeusi na nyeupe lakini ina kila unywele. Kisha kuna kioo chekundu, cha kijani na cha buluu. Kwa hivyo vitatu nimepiga saa moja moja. Nikiziunganisha hizo tatu napata rangi, lakini hafifu na ina chengachenga. Halafu kwenye kompyuta naivalisha rangi juu ya ile ya mwanga.

Hapo ndipo panaponishinda. Zikiwa mbalimbali kila moja nzuri. Nikizivalisha, rangi inapauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Nikakumbuka kwamba wewe kabla hujaolewa ulikuwa ukipaka rangi picha nyeusi na nyeupe studio. Naona kazi ni ile ile. Mlikuwa mnafanyaje?

Nauliza kwa sababu jumuiya ya wapenda nyota ya mjini ina maonyesho Agosti. Picha kumi na mbili zitatundikwa ukumbini mwezi mzima. Nimeomba yangu iwemo.

Kikaratasi cha daktari kina tarehe?

Mwanao,
Muhiddin


Kikwajuni
20 Juni 2024

Mwanangu Muhiddin,

Salamu nyingi, na Idi njema ingawa imepita. Ulfat hajambo, kavimba miguu. Ubwa hajambo, Idi kaipitisha kazini, wageni wa hoteli hawana Idi. Bashira kala nyama mpaka kaugua. Bi Khamisa hajambo, anasema siku sita kuku! Radhiya hakuja mara hii, kasema goti linamsumbua.

Umenichekesha na umenifurahisha. Tangu babako afe hakuna aliyeniuliza habari za studio. Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipoanza kwa Bwana Karsan pale Mkunazini, nikakaa sita. Tulikuwa wasichana watatu, meza moja, dirisha moja. Rangi tuliikoroga nyepesi mpaka sahani ionekane chini yake, tukaipaka kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti.

Nakwambia alivyonambia yeye. Picha ya kupakwa rangi hakuitoa kama nyengine. Aliitoa kijivu. Akasema, "Mwanakhamis, penye weupe mtupu rangi haikai. Penye weusi mtupu rangi haionekani. Rangi inakaa kwenye kijivu." Alikuja bibi harusi mmoja, mpigaji kamuwashia taa mpaka uso umekuwa sahani. Nikampaka wekundu wa mashavu mara nne, haushiki. Mama yake akasema mumemuua mwanangu. Ikabidi picha itolewe upya, kijivu.

Basi wewe hiyo yako ya mwanga umeiwasha mno. Ishushe mpaka ilingane na ile ya rangi, zisimame sawa, ndipo uvalishe. Na rangi ikoleze kabla ya kuvalisha, maana mwanga utaila kidogo. Hizo chengachenga zilainishe tu, usihangaike rangi iwe na ncha. Sisi rangi ikivuka ukingo wa mdomo kidogo hakuna aliyeona, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshachorwa na picha yenyewe. Rangi ni mgeni. Mwenye nyumba ni ile nyeusi na nyeupe.

Sasa picha yenyewe. Upande mwekundu umekaa vizuri. Upande wa buluu hamna buluu. Nimeitazama barazani asubuhi, nimeitazama dirishani alasiri, naona rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Ulfat anasema, "Mama, buluu si hii hapa?" Ulfat hajapaka picha hata moja maisha yake.

Ongeza buluu, mwanangu.

Kikaratasi kipo. Tarehe sikuangalia. Kula vizuri, na huyo mwenzako asilale, aamke akulinde.

Mamako,
Mwanakhamis


Kambini
14 Julai 2024

Shikamoo mama,

Nyote nawasalimu, na Ulfat namuombea ajifungue salama.

Nimeushusha mwanga ukalingana na rangi, nikakoleza kabla ya kuvalisha. Rangi imekaa. Miezi miwili nilikuwa naongeza mwanga nikidhani ndio dawa. Mwambie Bwana Karsan, huko aliko, ahsante.

Buluu nimeiongeza. Kwenye kompyuta yangu naiona imezidi, lakini kioo cha kompyuta hii ni kikuukuu na pembe moja imegeuka manjano, sikiamini. Wewe ulikuwa ukilipwa kwa jicho lako. Nakuletea ya pili. Neno lako ndilo la mwisho, natakiwa kuipeleka kabla ya tarehe kumi Agosti.

Mistari ya barua yako inapandana, mama. Neno "Karsan" umeliandika juu ya "Mkunazini". Nimelisoma kwa kuigeuza karatasi.

Muhiddin


Kikwajuni
1 Agosti 2024

Mwanangu,

Ulfat kajifungua jana mtoto mwanamke, kaitwa Faiza. Mama na mtoto wazima. Ubwa kalia, usimwambie nimekwambia. Bashira kasema alitaka baiskeli. Wengine wote hawajambo.

Naandika haraka, Msabah anaondoka kesho. Picha ni afadhali, lakini bado. Ulfat akiwa bado na uchungu kanambia, "Mama, hiyo si picha tena, ni wino wa skuli umemwagika." Nimemwambia asukume mtoto, picha aniachie mimi.

Ongeza kidogo tena, kisha ipeleke. Usiogope.

Mistari inapandana kwa sababu ya kalamu.

Mamako


Kambini
10 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Hongereni kwa Faiza. Nimempa Msabah udi na nguo za mtoto.

Niliongeza buluu kama ulivyosema. Picha ilitundikwa siku nne. Watu waliiona. Nimeirudisha kambini.

Nataka kukueleza jambo, ulisome taratibu. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo. Mtu akiwa na mtoto wa jicho kioo kile hakifanyi ukungu tu, kinageuka manjano, halafu hudhurungi, kama kioo cha taa ya mafuta isiyofutwa. Wekundu unapita. Buluu inazuiwa. Mwenye jicho hajui, kwa sababu inakuja kidogo kidogo kwa miaka, naye anadhani dunia ndiyo iliyofifia.

Mama, nenda kaonyeshe macho.

Muhiddin


Kikwajuni
30 Septemba 2024

Muhiddin,

Wote hawajambo.

Nimeisoma taratibu. Kumbe mimi ni taa isiyofutwa. Nilipokufunza kuushusha mwanga sikuwa taa, nilikuwa mama. Leo nimekwambia buluu haitoshi, nimekuwa mgonjwa.

Uliandika mwezi mzima, sasa unaandika siku nne. Kwa nini siku nne hukusema. Basi na mimi kikaratasi kilipo sisemi.

Mamako


Kambini
22 Oktoba 2024

Shikamoo mama,

Kwa simu Ulfat anasema umelala. Amesema hivyo Ijumaa tatu.

Sikusema umekuwa mgonjwa. Nimesema kioo kimegeuka rangi.

Muhiddin


Kikwajuni
18 Novemba 2024

Mwanangu Muhiddin,

Assalaam alaykum. Sikuwa nimelala. Ulfat hajambo, Ubwa hajambo, Bashira hajambo, Faiza kaanza kucheka, anamchekea Bi Khamisa kuliko mimi. Radhiya nitamtaja mbele.

Nimekaa na barua yako wiki mbili nimeikasirikia. Kisha nikatoa sandukuni picha ya babako, ile niliyoipaka mwenyewe studio, unaijua. Hujui habari yake. Marehemu Mabrouk alikuja kupiga picha amevaa shati jeupe. Wakati ule hatukuwa na neno lolote kati yetu, mteja tu. Mimi nikalipaka buluu. Nilimchezea. Alipokuja kuichukua akaitazama sana, akasema, "Nani kanivisha shati nisilokuwa nalo?" Wenzangu wakacheka chini ya meza. Wiki ya pili akapita dirishani amevaa shati la buluu jipya, anatembea kama hana habari na mtu.

Kwa hiyo buluu ile naijua. Niliikoroga mimi, nikaipaka mara tatu ikolee, hakuna wa kunambia mimi buluu ile ilikuwaje. Nikaiweka picha juani barazani. Shati la kijivu, lina manjano kidogo, kama kitambaa cha kufutia meza. Nikasema miaka hamsini, rangi imekufa. Nikamwita Bi Khamisa. "Shoga, mume wangu kavaa shati gani?" Akasema, "Buluu." Nikamwambia tazama vizuri. Akasema, "Mwanakhamis, buluu ya kupigia kelele, ndiyo maana ulimpata."

Nikaingia ndani, nikakaa.

Ni kweli basi. Sikumwamini daktari, sikumwamini Ulfat, wewe pia sikukuamini. Mkono wangu umenambia, nao sina pa kuukatalia.

Sasa nakwambia jambo jengine, na Ulfat halijui, babako kafa hakulijua. Kama una mtu karibu mtoe.

Jicho la Radhiya si daktari aliyeliua. Ni mimi.

Mwaka ule alipofanyiwa operesheni alitoka akakaa kwangu hapa, unakumbuka. Daktari alimpa dawa ya matone, akasema jicho lisiguswe na kitu chochote, hata maji. Siku ya tatu ikaangukia Idi. Wageni wanakuja, Radhiya akasema yeye hawezi kukaa mbele ya watu na jicho tupu kama la maiti. Akaniomba wanja. Nikachukua kidau changu cha wanja na kile kijiti chake nilichokuwa nikijipaka mwenyewe kila siku, nikampaka. Alipendeza. Usiku likaanza kuwasha, siku ya pili limevimba, siku ya tano linatoa usaha. Tulipomrudisha daktari akauliza, "Kuna kitu kimeingia?" Radhiya alikuwa na homa, hakujibu. Nikajibu mimi. Nikasema hamna.

Tangu siku ile ukoo mzima unamlaani yule daktari. Nimekaa nao, nimeitikia, "Ah, madaktari hawa!" Miaka kumi na moja.

Ulfat anadhani naogopa kisu. Siogopi kisu. Nikenda mimi nikarudi naona, Radhiya atajiuliza mbona lake lilikufa. Nisipokwenda hatauliza.

Hilo ndilo lililonikalia. Sijui unifanye nini, wewe ni mwanangu.

Mamako,
Mwanakhamis


Kambini
8 Desemba 2024

Shikamoo mama,

Nimeisoma mara moja, sikuirudia. Hakuna mwengine aliyeisoma.

Mimi si mwenye jicho. Mwenye jicho yuko Chwaka, na goti linamsumbua, kwa hiyo utamkuta nyumbani.

Nimempigia Ulfat. Sikumwambia kitu. Nimemwambia akitafute kikaratasi. Kasema kiko ndani ya msahafu na tarehe yake ilishapita, lakini hospitali wamesema uje tu, watakuandikia nyengine.

Nakungoja.

Muhiddin


Kikwajuni
26 Januari 2025

Mwanangu mpenzi Muhiddin,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuandikia na tazama, mstari haupandi mstari. Ulfat anakusalimu. Ubwa anakusalimu, kapandishwa kazi, sasa anasimamia wenzake na analala mpaka Jumapili. Bashira anakusalimu, meno yameota makubwa kuliko mdomo. Faiza anakaa. Bi Khamisa anakusalimu. Na mama mkubwa wako Radhiya anakusalimu kutoka hapa hapa, kakaa mbele yangu kitandani, ananambia, "Mwandikie nina njaa."

Nilikwenda Chwaka baada ya kupata barua yako, siku ya pili yake. Sikumwambia mtu. Nikamkuta barazani kwake na ukili mapajani. Akasema, "Leo mvua itanyesha, Mwanakhamis kaja bila ya kuitwa." Nikataka nianze na salamu, ninywe na chai, nikaona nikinywa chai nitarudi na neno langu. Nikamwambia nimesimama:

"Dada, lile jicho ni mimi."

Hakuacha kusuka. Akasema, "Wanja?"

"Unajua?"

"Nimelala na jicho hili miaka kumi na moja, nisijue lilikufa kwa nini? Lilianza kuwasha usiku ule ule."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Niliuomba mimi. Mdomo ulikuwa wangu, mkono ulikuwa wako. Na ningesema ungekuja kila Ijumaa kunililia hapa, ukili ukaloa."

Nikacheka, na yeye akacheka. Kisha akaacha kusuka. Akasema, "Lakini nilikuwa nakungoja useme. Yule daktari aliuliza nami nikakusikia unasema hamna. Homa haikuniziba masikio. Umechelewa, Mwanakhamis. Umechelewa sana." Akaushika tena ukili. Tulikaa mpaka adhuhuri. Alipomaliza kuswali akanambia, "Ukenda kufanyiwa, ntakuja mimi kukutilia dawa. Asije Ulfat. Mimi."

Basi Jumatano tarehe nane nilikwenda, jicho la kulia. Haikufika hata nusu saa. Kisu hukioni, unaona taa tu. Radhiya alikuwa kaja siku moja kabla na kikapu chake. Kitu cha kwanza kukusanya wanja wote wa nyumba hii, wangu, wa Ulfat, hata wa mtoto Faiza, kautia kwenye mfuko, kaufunga, kaukalia. Ulfat akasema, "Mama mkubwa, mtoto ana hatia gani?" Akasema, "Mtoto ni mzuri, atasubiri." Matone ni mara nne kwa siku, na kila mara ananawa mikono kwanza kwa sabuni mpaka viwiko, ananishika kidevu kama mtoto.

Nimeona, mwanangu. Nikuambie nimeona nini? Kuta za Ulfat ni nyeupe. Miaka miwili nilidhani kapaka rangi ya chai ya maziwa, na nikamsifu. Chini ya kabati hapafagiwi. Bi Khamisa kazeeka, yeye anasema na mimi vile vile.

Siku ya nne nikaitoa picha yako, ile ya pili. Sikutaka Ulfat awepo. Nikaitazama kwa jicho hili jipya. Muhiddin, buluu ile! Imekula wingu, imekula nyota, imevuka mpaka kwenye wekundu ukawa zambarau kama kidonda. Nikafumba jicho jipya nikaitazama kwa la kushoto: chai ya maziwa. Nikafumba la kushoto: wino. Nilikaa mchana kutwa nafumba hili nafungua lile, mpaka Bi Khamisa akapita dirishani akauliza, "Shoga, unamkonyeza nani, na eda ilishakwisha zamani?"

Na hiyo ni ya pili. Ya tatu, niliyokwambia ongeza tena, sijaiona. Iliyotundikwa ni hiyo ya tatu.

Sasa nataka unijibu, na usiniandikie "watu waliiona". Walisema nini? Walicheka? Aliyekwambia uiteremshe ni nani, na ulikuwa umesimama wapi? Nimekuharibia kazi ya miezi, na wewe uliiona imeharibika, ukanyamaza ukaandika habari za kioo cha taa. Najua kwa nini ulinyamaza. Mimi ndiye niliyenyamaza miaka kumi na moja, usinifundishe. Andika neno kwa neno, hata kama ni kicheko.

Na usipunguze buluu kwa neno langu. Jicho hili jipya nalo siliamini bado, linaona buluu mpaka kwenye wali. Ngoja yawe sawa yote mawili. Bwana Karsan akiwa na shaka na rangi alikuwa anaifuta yote kwa pamba, anarudi kwenye kijivu. Basi nitumie picha zile nne mbalimbali, ile ya mwanga na zile za vioo vitatu, kila moja karatasi yake, usizivalishe. Nitazipanga juu ya kitanda nizitazame. Mara hii nitasema nikiulizwa.

La kushoto ni Jumatano tarehe kumi na mbili Februari. Msabah anaondoka kesho na barua hii, na mkewe anakuja huku tarehe kumi. Mpe jawabu, usimkose, namngoja. Litakuwa limefungwa jicho moja, na Radhiya ndiye atakayenisomea nikichoka, kwa hiyo andika herufi kubwa: kati yetu watu wawili tutakuwa na macho mawili tu.

Mamako,
Mwanakhamis